Ahadi ya Megawati Elfu Tano

Katika masomo yako umefundishwa kuhakiki shairi, hadithi na tamthilia. Umeambiwa utazame ni nani asemaye, asema na nani, neno gani amelichagua, na neno gani ameliacha. Lakini kuna aina moja ya maandishi ambayo huenea katika nchi kuliko diwani yoyote, husomwa kwa sauti kubwa viwanjani, na gharama yake hulipwa na watu kwa muda wa miaka mitano, wala hayaletwi darasani hata siku moja. Hayo ni maandishi ya wagombea wa uongozi: manifesto, hotuba za kampeni, na orodha ya mambo ambayo mgombea asema ameyatenda au atayatenda. Nataka tuyasome maandishi hayo kama tusomavyo kitabu chochote, kwa adabu lakini kwa jicho kali, katika jambo moja tu. Jambo hilo ni umeme utokanao na mvuke wa ardhini, upepo, maji na jua, ambao siku hizi huitwa kawi jadidifu kwa kuwa chanzo chake hakiishi kwa kutumiwa.

Nimechagua umeme kwa sababu wapimika. Mgombea akiahidi umoja au heshima ya taifa, utampima kwa mizani gani? Lakini megawati ni megawati. Mtambo upo au haupo. Waya umefika au haukufika. Wala sisemi kwa ajili ya chama chochote. Vyama vya nchi yetu hubadili majina na marafiki upesi kuliko mwanafunzi abadilivyo madaftari, na mwenye kukitetea kimoja leo huenda kesho akajikuta amewatetea aliokuwa akiwapinga.

Uchaguzi Mkuu ulifanywa tarehe 4 Machi, 2013, na muungano wa Jubilee, ulioongozwa na Uhuru Kenyatta na William Ruto, ukashika serikali. Mwezi wa Septemba mwaka uo huo, serikali hiyo ilitangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 na zaidi kwa muda wa miezi 40. Wakati ule mitambo yote ya umeme nchini ilikuwa na uwezo wa megawati 1,664. Ikaahidiwa kuwa ifikapo mwaka 2017 uwezo huo utapita megawati 6,700. Tazama kwanza hesabu ya miezi. Miezi 40 tangu Septemba 2013 hukoma Januari 2017, na uchaguzi uliofuata ulikuwa Agosti 2017. Sisemi kwamba wahandisi hawakuulizwa. Nasema tu kwamba muda huo wafanana na kalenda ya siasa kuliko kalenda ya ujenzi. Kutoka siku mvuke unapotafutwa chini ya ardhi hata siku taa inapowashwa kwa mvuke huo, miaka saba hata kumi si mingi.

Sasa tuifungue hiyo elfu tano tuone ndani yake mna nini, maana hesabu ya jumla ni kama gunia lililoshonwa mdomo. Mpango wenyewe, kama ulivyochapishwa kwa ajili ya wawekezaji, ulikuwa na megawati 1,646 za mvuke wa ardhini, megawati 630 za upepo, megawati 1,050 za gesi, na megawati 1,920 za makaa ya mawe. Jumlisha gesi na makaa ya mawe, upate megawati 2,970. Zaidi ya nusu ya ahadi, basi, ilikuwa moshi. Makaa ya mawe peke yake yalizidi mvuke wa Bonde la Ufa, ambao ndio fahari yetu mbele ya mataifa. Mwaka 2015 Kenya ilipeleka kwa Umoja wa Mataifa ahadi ya kupunguza gesi zichafuazo hewa kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 2030, na katika miaka iyo hiyo mipango ya kujenga kiwanda kikubwa cha makaa ya mawe Lamu ilikuwa ikiendelea. Kinywa kimoja kilisema na mataifa, kingine kikasema na wenye mitaji. Mhakiki hana budi kuyaweka maandishi hayo mawili juu ya meza moja, kwa sababu waandishi wake hawakupenda yakutane.

Lipo na jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Ni nani angeutumia umeme huo wote? Mwaka 2013, saa ya jioni ambayo nchi nzima hupika, huwasha taa na kufungua televisheni kwa pamoja, haja ya umeme haikufika megawati 1,500. Hata mwaka 2025, baada ya miaka kumi na miwili, haja hiyo ilikuwa haijafika megawati 3,000. Na mikataba ya umeme kwa kawaida humlipa mwenye mtambo kwa kuwa tayari, ingawa umeme wake haukununuliwa, kama vile mtu aliyekodi gari hulipa hata likilala uani. Kama ahadi ile ingalitimizwa kwa wakati wake, mwananchi angalilipa bei ya mitambo iliyolala.

Haikutimizwa. Mwisho wa mwaka 2017 uwezo wa mitambo yote nchini ulikuwa haujafika megawati 2,500, maana yake nyongeza haikufika hata megawati 1,000, tumbo moja katika matano ya ahadi. Mitambo ya gesi haikujengwa. Kiwanda cha Lamu hakikujengwa pia, lakini si kwa sababu serikali ilibadili nia. Watu wa Lamu, wavuvi na wenye nyumba na wazee wa mji, waliisoma ripoti ya mazingira iliyoandikwa kwa ajili ya kiwanda hicho, wakaona upungufu wake, wakaipeleka mbele ya Mahakama ya Rufani ya Mazingira. Nayo tarehe 26 Juni, 2019, ikaifuta leseni, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na athari za kiwanda kwa tabia ya nchi hazikuchunguzwa vya kutosha. Hapa utaona jambo geni: ahadi iliyovunjika ikawa heri kuliko ambayo ingetimizwa. Lakini usimpe sifa ya jambo hilo yule aliyeahidi. Sifa ni ya waliosoma.

Itakuwa dhuluma nikikuacha udhani kwamba miaka ile haikuzaa kitu. Mwezi wa Oktoba 2014 Rais Kenyatta alifungua kituo cha Olkaria IV chenye megawati 140, na mitambo mingine ya megawati 140 ikafuata karibu yake katika eneo la Olkaria I. Hizo ni megawati 280 za mvuke, kazi kubwa kwa kipimo chochote, na bei ya umeme wake ni nafuu kuliko umeme wa dizeli. Katika kampeni ya mwaka 2017 kazi hiyo ilihesabiwa katika fungu la serikali iliyokuwa ikiomba kura tena. Hapo ndipo unapotakiwa kukitazama kitenzi. Mgombea husema “tumejenga.” Kiambishi hicho cha wingi, tu-, kimebeba watu wangapi?

Visima vya kwanza vya kujaribia vilichimbwa Olkaria mwaka 1956, katika siku za ukoloni. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwashwa mwaka 1981, na kufikia mwaka 1985 ilikuwa mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 45. Kituo cha Olkaria II kilianza kazi mwaka 2003. Ukame uliokausha mabwawa na kuleta mgao wa umeme mwaka 2000 uliwafunza watawala kwamba nchi haiwezi kutegemea mvua peke yake. Kwa hiyo katika siku za Rais Kibaki likaundwa shirika la umma la kuchimba mvuke, ili hatari ya kuchimba kisima kisicho na kitu isimwangukie mwekezaji peke yake. Ujenzi wa zile megawati 280 ulianza mwaka 2012, kabla ya Jubilee kuingia madarakani. Aliyekata utepe mwaka 2014 alikata utepe wa kazi ya watu wengi, baadhi yao wamekwisha kufa. Hilo si kosa lake, kwa kuwa aliikuta kazi akaiendesha, na wapo waliokuta kazi wakaiacha. Lakini kama mgombea aitumia kazi ya waliomtangulia kuwa ushahidi wake, basi ni haki tumwulize kazi aliyoianza mwenyewe kwa ajili ya watakaomfuata. Hilo ndilo swali ambalo manifesto hukimbia, kwa maana kisima kinachochimbwa leo kitampa utepe mtu mwingine.

Wamaasai waliohamishwa ili kituo cha Olkaria IV kijengwe walilalamika kwa Benki ya Dunia juu ya namna walivyohamishwa, na shauri lao likaamuliwa kwa usuluhishi. Sijaona manifesto iliyolitaja. Hesabu ya megawati haina safu ya watu waliohama.

Twende sasa Marsabit. Karibu na Loiyangalani, mahali ambapo upepo huvuma kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru kana kwamba umepitishwa katika bomba, kumesimamishwa mitambo ya upepo 365, yenye uwezo wa megawati 310. Wazo la mradi huo wa Ziwa Turkana lilizaliwa na watu binafsi yapata mwaka 2005. Fedha zilikamilika mwaka 2014. Na mtambo wa mwisho ulisimamishwa Machi 2017. Kazi ya wenye mradi ilikwisha kwa wakati. Kazi ya serikali ilikuwa moja: kujenga njia ya umeme ya kilomita zaidi ya 400 hata Suswa. Njia hiyo haikuwa tayari. Mkandarasi wake, kampuni ya Isolux ya Hispania, alifilisika, na ardhi ya kupitishia nguzo ilikuwa na magomvi yake. Kwa hiyo siku ya kura, tarehe 8 Agosti, 2017, mitambo 365 ilikuwa imesimama jangwani bila kuwasha taa hata moja ya taifa. Umeme ulianza kuingia katika gridi mwishoni mwa mwaka 2018, na Rais akaufungua mradi Julai 2019. Katika muda wa kungoja, mkataba uliwadai wananchi mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwafikia, kwa kuwa serikali ndiyo iliyochelewa.

Ukisoma “mradi mkubwa wa upepo kuliko wote Afrika” katika hotuba ya mwaka 2017, huwezi kusema ni uongo. Mitambo ilikuwapo, mtu aliweza kuipiga picha, na picha zilipigwa. Hapa ndipo tofauti ilipo kati ya hotuba na hesabu. Hotuba yatosheka na kitu kionekanacho. Hesabu yataka kujua kama kitu hicho kimeungwa na kingine. Na ardhi yenyewe, yenye ekari 150,000, ilikuja kuzungumzwa na mahakama mwezi wa Oktoba 2021, ilipoamuliwa kwamba hati zake hazikutolewa kwa utaratibu wa sheria. Kule Kinangop mambo yalikuwa mabaya zaidi: mradi wa upepo wa megawati 60 ulikufa mwaka 2016 kabla ya kusimamisha mtambo, baada ya wenyeji kuukataa, na damu ikamwagika katika ugomvi huo.

Ahadi iliyotimizwa kwa sehemu kubwa ni ile ya nyaya. Mwaka 2015 ada ya kuunganishiwa umeme ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na wateja waliokuwa milioni mbili na kitu mwaka 2013 wakazidi milioni sita mwaka 2017. Shule za msingi za umma zaidi ya 20,000 zilipata umeme, na zile zilizo mbali na gridi zikapewa paneli za jua. Hayo yalifanywa kwa ajili ya ahadi nyingine, ile ya kompyuta za darasa la kwanza, iliyochelewa na kupunguzwa hata ikawa vibao vya kielektroniki. Huenda nawe ulisoma chini ya taa zilizoletwa hivyo. Nampa heshima yake aliyezileta. Ila nyumba nyingi zilizoungwa zilitumia umeme kidogo sana, wa taa mbili na simu ya mkono, na kampuni iuzayo umeme ikalemewa na gharama za nyaya ndefu zilizoleta shilingi chache. Tena Desemba 2018 serikali ilitangaza kwamba kila mtu atapata umeme ifikapo mwaka 2022. Mwaka huo ulipofika, karibu mtu mmoja katika kila wanne alikuwa bado anangoja.

Usidhani kwamba mwanya kati ya ahadi na matendo ni mali ya Afrika. Mwaka 2000, George W. Bush, akigombea urais wa Marekani, aliahidi kuzuia kwa sheria hewa ya kaboni itokayo katika mitambo ya umeme. Machi 2001, hata miezi miwili ya urais wake haijatimia, akaiacha ahadi hiyo. Lakini mtu huyo huyo, alipokuwa gavana wa Texas, alitia sahihi mwaka 1999 sheria iliyowalazimisha wauza umeme kuongeza megawati 2,000 za kawi jadidifu, nayo ilitimizwa kabla ya muda wake, na Texas ikawa jimbo la kwanza la upepo katika Marekani. Rekodi yake ya nyuma ilikuwa njema kuliko ahadi yake ya mbele. Mpiga kura aliyesoma hotuba peke yake alipotea, na aliyesoma rekodi peke yake alipotea vilevile.

Sasa tuko katika zama za neno “asilimia mia.” Mwezi wa Novemba 2021, katika mkutano wa Glasgow, Rais Kenyatta alisema Kenya itatumia kawi safi kwa asilimia 100 ifikapo mwaka 2030. Tarehe 13 Septemba, 2022, katika uwanja wa Kasarani, Rais Ruto alipoapishwa alirudia ahadi iyo hiyo. Watu hawa wawili walikuwa wamegombana katika uchaguzi hata hawakusalimiana vizuri, lakini katika sentensi hii walikubaliana neno kwa neno. Sentensi inayowafaa mahasimu wote ni lazima itazamwe mara mbili.

Itazame, basi. Glasgow ilitajwa asilimia 73 na asilimia 90. Ya kwanza ni sehemu ya uwezo wa mitambo yote iliyopo. Ya pili ni sehemu ya umeme uliotumiwa. Mtu aweza kuwa na jembe na trekta, akalima kwa jembe siku zote kwa sababu mafuta ni ghali. Nusu ya vyombo vyake ni trekta, lakini shamba lote limelimwa kwa jembe. Hesabu hizo mbili si kitu kimoja, na mgombea huchukua iliyo kubwa. Tena hiyo asilimia 90 si kazi ya rais mmoja wala wawili. Ndani yake mna bwawa la Kindaruma la mwaka 1968 na mabwawa mengine ya Mto Tana, na mvuke wa miaka arobaini. Aahidiye asilimia mia aahidi kumi iliyobaki, na hiyo ndiyo ngumu kuliko yote: ni umeme wa saa moja jioni, wakati jua limekwisha kuzama na paneli za kituo cha Garissa, chenye megawati 50, zimelala. Saa hiyo mitambo ya mafuta huwashwa.

Tena tangu Novemba 2022 nchi yetu hununua umeme wa maji kutoka Ethiopia, kwa mkataba ulioanza na megawati 200. Ni biashara njema. Lakini umeme huo huipandisha asilimia ya kawi safi bila sisi kujenga mtambo wowote, na mvua yake ni ya Ethiopia.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno “kawi.” Viongozi husema kawi wakimaanisha umeme. Lakini sehemu kubwa ya kawi itumikayo Kenya haipiti katika waya. Ni kuni na makaa, yanayopikiwa na mama zetu katika majiko ya mafiga matatu, na petroli ya magari. Ukiipima ahadi kwa umeme, tumekaribia kufika. Ukiipima kwa kawi, safari haijafika hata nusu. Mwandishi aliyeiandika sentensi ile alijua, au yampasa kujua, kwamba msikilizaji atafikiri jambo moja na mhasibu atahesabu jingine.

Kama wataka kujua nia ya serikali, soma sheria ya kodi kabla ya hotuba. Mwaka 2020 msamaha wa kodi ya VAT uliondolewa juu ya vifaa vya umeme wa jua, na mwaka 2021 ukarudishwa. Kwa mwenye duka la paneli na kwa mkulima aliyekuwa akiweka akiba ya taa moja, maneno hayo machache ya Bunge yalikuwa na uzito kuliko mikutano yote ya Glasgow. Na tarehe 25 Agosti, 2023, siku kumi kabla ya Mkutano wa Tabia ya Nchi wa Afrika kufunguliwa Nairobi, giza liliifunika karibu nchi nzima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Mkutano ulifanywa, na hotuba za kawi safi zilikuwa nzuri.

Uchaguzi ujao umewekwa Agosti 2027. Ahadi ya miezi 40 ilikoma miezi michache kabla ya kura. Hii ya mwaka 2030 yakoma miaka mitatu baada yake, na mgombea ataweza kusema muda haujafika. Mkubalie. Kisha chukua taarifa za uchumi zitolewazo kila mwaka na Shirika la Taifa la Takwimu, na takwimu za halmashauri isimamiayo kawi na petroli, ambazo mtu yeyote aweza kuzisoma bure. Andika umeme wa mafuta uliotumiwa mwaka 2022, andika chini yake ule wa mwaka 2026, kisha uandike nyumba ngapi zilizokuwa zikipika kwa kuni mwaka wa kwanza na ngapi mwaka wa pili. Peleka karatasi hiyo kwenye mkutano, umwulize ni ipi kati ya mistari hiyo aliyokuwa akiisema.